Sababu za Imani Yetu: Tumejuaje Kwamba Bwana Alifufuka?



Mwezi huu tumeletewa swali na mwalimu mmoja wa bara. Alikuwa akifundisha somo la Pasaka, na mtoto mmoja akasimama akauliza, "Mwalimu, umejuaje? Ulikuwako?" Wenzake wakacheka. Baadhi ya wazee waliposikia habari hiyo walitaka mtoto aadhibiwe kwa kukosa adabu, naye mwalimu akatuandikia kutaka shauri.

Shauri letu la kwanza ni hili: asiadhibiwe. Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga, na swali la mtoto huyu ndilo swali lile lile ambalo wazee humwuliza kila shahidi aletwaye barazani: ulikuwako? Mtoto akipigwa kwa kuuliza hivi atajifunza jambo moja tu, ya kwamba jawabu halipo. Atanyamaza. Na siku atakapokuwa mtu mzima, akae mbali na nyumbani, alisikie swali lile kinywani mwa mtu mwenye dharau, hatakuwa na neno la kujibu, kwa sababu sisi tuliokuwa na wajibu wa kumpa neno tulimpa fimbo.

Tena jambo lenyewe si dogo. Mtume Paulo, katika mlango wa 15 wa waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, anasema wazi ya kuwa kama Kristo hakufufuka mahubiri yote ni kazi bure, na wahubiri ni mashahidi wa uongo juu ya Mungu. Nasi tuyatie maneno hayo moyoni. Tumesimama kando ya makaburi ya watoto wachanga, tukawaambia mama zao kwamba watawaona tena. Kama Kristo hakufufuka, tumewadanganya wenye msiba katika saa yao ya uchungu, na hakuna udanganyifu mbaya kuliko huo. Kwa hiyo yatupasa kujua kama tunasema kweli.

Basi mwalimu na amjibu mtoto hivi: "La, sikuwako. Lakini wako watu waliokuwako, na ushahidi wao umetufikia. Njoo tuupime kama wazee wapimavyo." Nao wazee wakipima ushahidi huuliza mambo matatu. Kwanza, je, shahidi alikuwa karibu na jambo lenyewe? Pili, je, alikuwa na faida ya kusema uongo? Tatu, je, maneno yake yanapatana na mambo mengine yajulikanayo? Tutayafuata hayo matatu, lakini kwanza tuondoe shaka juu ya jambo linalotangulia, yaani kifo chenyewe.

Kwamba Yesu alikufa kwa kusulibiwa si habari iliyoandikwa na Wakristo peke yao. Tacitus, mwandishi wa historia wa Rumi, aliyeandika yapata mwaka 116, aliwachukia Wakristo na kuiita imani yao ushirikina mbaya. Walakini yeye mwenyewe aeleza ya kuwa Kristo aliuawa wakati wa Kaisari Tiberio kwa hukumu ya Pontio Pilato. Tena mwaka 1961, katika magofu ya Kaisaria karibu na bahari, lilipatikana jiwe lenye maandishi ya Kirumi, na ndani yake jina la Pilato huyo. Mwaka 1968 makaburi ya kale yalifukuliwa upande wa kaskazini wa Yerusalemu, na katika sanduku la jiwe la kuwekea mifupa ukaonekana mfupa wa kisigino cha mtu, na msumari wa chuma ungali umepita ndani yake. Mtu huyo aliitwa Yehohanan, wala si mtu tumjuaye katika Injili. Lakini mfupa wake waonyesha ya kuwa aliyesulibiwa aliweza kupewa na jamaa zake maziko ya heshima, kama Injili isemavyo juu ya Yusufu wa Arimathaya.

Jirani zetu Waislamu wanamheshimu Isa, nao wamefundishwa kwamba hakusulibiwa. Tusiwabeze wala tusigombane nao. Wakituuliza, tuwaambie kwa upole sababu zetu: ya kuwa katika jambo hili rafiki zake na adui zake wa zamani zile walisema neno moja.

Sasa tuje kwenye swali la kwanza: je, mashahidi walikuwa karibu?

Waraka tulioutaja, wa kwanza kwa Wakorintho, uliandikwa yapata mwaka 54. Bwana alisulibiwa ama mwaka 30 ama mwaka 33, kwa hiyo kati ya tendo na waraka ni miaka 20 na zaidi kidogo. Mtu mzima hasahau jambo kubwa lililotokea miaka 20 iliyopita. Kila mzee kijijini aweza kueleza njaa au vita ya wakati kama huo, na kuwataja waliokuwapo. Tena Paulo asema ya kuwa habari hii hakuitunga wakati wa kuandika, bali yeye mwenyewe aliipokea kwa wengine kabla ya kuwafundisha Wakorintho. Aliipokea lini? Katika waraka wake kwa Wagalatia aeleza ya kuwa miaka 3 baada ya kuitwa na Kristo alipanda kwenda Yerusalemu, akakaa na Petro siku 15, akamwona pia Yakobo ndugu yake Bwana. Hatudhani ya kuwa siku zote 15 walizungumza habari za mvua na mavuno. Kwa sababu hiyo wataalamu wengi, hata baadhi ya wale wasioamini, wamekubali ya kuwa orodha ile ya mashahidi ilikuwa imekwisha kufundishwa katika miaka michache baada ya msalaba.

Na orodha yenyewe yataja watu: Petro, na wale Thenashara, na ndugu zaidi ya 500 kwa mara moja, na Yakobo, na mitume wote, na mwisho Paulo mwenyewe. Juu ya wale 500 aongeza ya kuwa wengi wao wangali hai wakati wa kuandika. Mwongo hasemi hivyo. Mwongo husema kwamba mashahidi wake wamekufa au wamesafiri mbali. Hawaambii watu wazi kwamba wako hai na waweza kuulizwa.

Swali la pili: je, walikuwa na faida ya kusema uongo?

Tuwatazame mmoja mmoja. Petro alimkana Bwana wake mbele ya kijakazi, kwa hofu. Baada ya majuma machache alisimama katika mji ule ule, mbele ya wakuu wale wale, akasema ya kuwa Yesu yu hai. Yakobo, ndugu yake Bwana, hakumwamini alipokuwa akihubiri. Injili ya Yohana yasema wazi ya kuwa ndugu zake hawakumwamini. Baadaye twamwona Yakobo huyo akiwa mkuu wa kanisa la Yerusalemu, na Josephus, Myahudi mwandishi wa historia, aeleza jinsi alivyohukumiwa kupigwa mawe mwaka 62. Na Paulo alikuwa adui, aliyewatia Wakristo gerezani. Mmoja alikuwa mwoga, mmoja hakuamini, na mmoja alikuwa mtesi. Wote watatu wakageuka, na wote watatu wakatoa sababu moja: wamemwona. Walipata faida gani? Walipata vifungo, mapigo, na mwisho kifo.

Lakini hapa yatupasa kusema kwa uangalifu, kwa kuwa waalimu wengine huteleza. Wako wasemao, "Wakristo wengi wamekubali kufa, kwa hiyo imani yao ni kweli." Hoja hiyo haitoshi, kwani watu wa dini nyingi wamekubali kufa. Twawakumbuka kwa heshima vijana wa Uganda, Wakatoliki na Waanglikana, waliochomwa moto pale Namugongo tarehe 3 Juni 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Kifo chao chaonyesha nguvu ya imani yao na neema ya Mungu iliyowashika. Lakini wao waliamini neno walilofundishwa, kama sisi. Petro na Yakobo walikuwa katika hali nyingine. Wao hawakusema, "Tumeambiwa," bali, "Tumeona." Kama ilikuwa uongo, wao ndio waliokuwa na njia ya kujua kwamba ni uongo. Mtu aweza kufa kwa ajili ya neno la uongo alilodanganywa. Ni vigumu sana kumwona mtu akifa kwa ajili ya uongo alioutunga mwenyewe, hali hapati kitu.

Tena tuangalie ni nani waliotajwa kuwa wa kwanza kufika kaburini. Injili zote nne zasema ni wanawake, na zote nne zamtaja Mariamu Magdalene. Siku zile ushahidi wa mwanamke haukuhesabiwa kuwa kitu. Josephus aandika ya kuwa haufai kukubaliwa. Luka asema ya kuwa hata mitume wenyewe waliyaona maneno ya wanawake wale kuwa upuzi. Na baada ya miaka mingi, yapata mwaka 178, mpinzani mmoja aitwaye Celsus aliidhihaki imani yetu kwa sababu hiyo hiyo, kwamba yategemea maneno ya mwanamke aliyerukwa na akili. Basi mtu anayetunga hadithi apate kuaminiwa, atachagua mashahidi ambao watu watawacheka? Angaliwaweka Petro na Yohana, au Nikodemo mwenye cheo. Waandishi wa Injili waliwataja wanawake kwa sababu moja, kwamba ndivyo ilivyokuwa. Na akina mama wanaosoma ukurasa huu walishike neno hili: habari kuu kuliko zote iliwekwa kwanza katika vinywa vya wanawake.

Swali la tatu: je, maneno yao yapatana na mambo mengine yajulikanayo?

Mahubiri ya ufufuo hayakuanzia katika nchi ya mbali, mahali ambapo hakuna awezaye kuyachunguza. Yalianzia Yerusalemu, mwendo mfupi kutoka kaburini. Wakuu waliotaka kuyazima wangaliuonyesha mwili, na maneno yangalikwisha siku ile ile. Hawakuuonyesha. Jawabu lao, kama Matayo asemavyo, lilikuwa kwamba wanafunzi waliuiba mwili usiku; na Justin, Mkristo aliyeandika katikati ya karne ya pili, asema ya kuwa neno hilo lilikuwa likisemwa bado katika siku zake. Adui akisema, "Mwili umeibwa," amekwisha kukubali ya kuwa mwili haukuwamo.

Wengine wamesema ya kuwa Yesu alizimia tu, akaamka kaburini. Jawabu la maneno haya lilitolewa na mtu asiyeamini miujiza, David Strauss wa Ujerumani, mwaka 1864. Alisema ya kuwa mtu aliyetoka kaburini nusu mfu, mwenye majeraha, mhitaji wa kuuguzwa, hangaliweza kuwafanya wanafunzi wadhani kwamba ameshinda mauti. Wangalimhurumia, wasingalimsujudia.

Wengine tena husema ya kuwa wanafunzi waliona maono kwa sababu ya huzuni. Jambo hili sisi twalifahamu, maana hapa kwetu watu wengi huwaota wafu wao, na wengine husema wamewaona hata mchana. Lakini mtu aliyemwona marehemu baba yake katika ndoto hufanya nini? Huenda kulisafisha kaburi, au husema ya kuwa roho ya marehemu imemjia. Hatoki kutangaza sokoni ya kuwa baba amefufuka na kaburi lake li wazi. Kuwaona wafu kwa njia hiyo huwasadikisha watu kwamba wafu ni wafu. Nao Wayahudi wa zamani zile, wale waliongojea ufufuo, waliungojea siku ya mwisho kwa watu wote pamoja. Hawakumtazamia mtu mmoja afufuke peke yake katikati ya historia. Mwaka 135 Warumi walimwua Simon bar Kokhba, ambaye wengi walidhani ndiye Masihi. Wafuasi wake hawakusema amefufuka. Walijua kwamba tumaini lao limekufa pamoja naye. Kwa nini wafuasi wa Yesu peke yao walisema neno jingine?

Liko jambo moja zaidi, nalo tunalo nyumbani mwetu kila juma. Wakristo wa kwanza walikuwa Wayahudi, na Myahudi aliishika Sabato kama mboni ya jicho lake. Lakini twaona ya kuwa mapema sana Wakristo walianza kukutanika siku ifuatayo, na Justin yule aeleza sababu: ndiyo siku aliyofufuka Bwana. Sisi kwa Kiswahili huiita Jumapili, kwa kuwa hesabu yetu huanza baada ya Ijumaa. Wayahudi waliiita siku ya kwanza ya juma. Jina ni mbalimbali, siku ni moja. Desturi ya taifa la kale haibadiliki bila sababu kubwa. Kila mtoto avaaye nguo safi kwenda kanisani Jumapili anaifuata alama iliyoachwa na asubuhi ile.

Mtu atauliza juu ya Injili zenyewe, kwamba hazipatani katika kila neno. Yohana amtaja Mariamu peke yake, Marko awataja wanawake watatu. Marko asema kijana mmoja aliyevaa mavazi meupe, Luka asema watu wawili. Hatufichi jambo hili. Bali twawauliza wazee: wakija mashahidi wanne wakasema neno kwa neno sawasawa, mnafikiri nini? Mnajua ya kuwa wamefundishana njiani. Na wakija wanne, kila mmoja akisema jinsi alivyoona au alivyosikia, wakihitilafiana katika madogo na kupatana katika makubwa, ndipo mnapotega masikio.

Sasa tuseme pia mipaka ya sababu hizi. Hazimlazimishi mtu. Mtu aweza kuzisikia zote akasema, "Wafu hawafufuki, kwa hiyo hakufufuka," na hakuna hoja imwezayo aliyekwisha kufunga mlango kabla ya kusikia shahidi. Kwetu sisi tunaomwamini Mungu aliyeumba uhai, si ajabu isiyowezekana kwamba aweza kuurudisha. Tena kukubali ya kuwa jambo ni kweli si sawa na kumtumaini Bwana. Sababu humfikisha mtu mlangoni; kuingia ni kwa imani, na imani ni kipawa cha Mungu. Lakini ni vibaya sisi kumwacha mtoto mbali na mlango, hali tunaijua njia.

Faida ya haya yote ni nini nyumbani? Twarudi kwenye makaburi yetu. Paulo hakuwakataza Wathesalonike kulia. Aliwataka tu wasilie kama watu wasio na tumaini. Mama aliyezika mtoto na alie, wala mtu asimwambie ya kuwa machozi ni upungufu wa imani; Bwana mwenyewe alilia penye kaburi la Lazaro. Lakini tunapomwambia ya kuwa yeye aliyelala katika Kristo ataamshwa, hatumpi maneno matupu ya kumtuliza. Twamwambia ya kuwa mmoja ametangulia kutoka kaburini, na ya kuwa neno hili lina mashahidi.

Basi twawaomba wazazi wazungumze na watoto wao maswali haya jioni za mwezi huu, baada ya sala:

1. Ni nani waliotajwa katika mlango wa 15 wa waraka wa kwanza kwa Wakorintho kuwa walimwona Bwana? Watoto wawahesabu.
2. Petro, Yakobo na Paulo walikuwa watu wa namna gani kabla, na walikuwa watu wa namna gani baadaye?
3. Kwa nini tunakwenda kanisani Jumapili?
4. Nani katika mtaa wetu amefiwa mwaka huu, nasi tumekwenda kumtazama?

Na mwalimu wetu amwambie mtoto yule ya kuwa swali lake limesomwa katika nyumba nyingi, na limewafaa wengi. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutajibu swali lifuatalo baada ya hili: mwili wa ufufuo utakuwa mwili wa namna gani?

Mungu wa amani, aliyemrudisha Bwana wetu kutoka kwa wafu, azilinde nyumba zenu. Amina.